Mtungi na Mbio za Kuagwa

Wahenga walisema wema hauozi. Maana yao ni kwamba jema ulilomtendea mwenzio, hata likikaa miaka, halichachi wala halipotei. Siku yake ikifika, humrudia mwenyewe. Asiyesadiki na asikilize habari za Mtungi.

Mtungi lilikuwa jina la utani. Mwenyewe alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, na kazi yake ilikuwa kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa za maji ndani ya jezi mpaka mgongo ukavimba kama gunia la viazi, kisha kunyonga baiskeli roho mkononi awafikishie wenzake. Hata wapinzani wakikaukiwa koo, hakuwanyima. Miaka nenda, miaka rudi, wenzake walinyakua vikombe, naye akaingia washindi wakiwa wameshaoga. Ajabu ni kwamba watazamaji waliandika jina lake barabarani kwa chokaa, kubwa kuliko la bingwa. Mtungi alidhani wanamhurumia tu.

Alipostaafu, jambo moja lilimkereketa moyoni. Mama yake, fundi cherehani aliyemlea peke yake, alitamani kumwona akikata utepe japo mara moja, kabla macho hayajamwishia. Mtungi alikuwa amemwahidi, na ahadi ni deni. Basi mji ulipoandaa mbio za kumuaga, alijua hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Alifanya mazoezi ya kufa na kupona.

Siku ya mbio jua liliwaka kwelikweli. Mtungi alikuwa mbele kabisa, miguu ikimtii kama ya kijana. Mara akamsikia Bingwa, yule aliyemtumikia maisha yake yote, akikohoa nyuma yake kwa kiu. Hakuna aliyemtuma. Lakini mazoea yana taabu: kabla hajafikiri, alikwisha kurudi nyuma hadi kwenye gari na kupakia chupa. Alipoikumbuka ahadi yake, kundi zima lilikuwa limepotelea konani.

Alijilaani kwa ujinga wake. Angeweza kuzitupa zile chupa apate wepesi, ila alijua huko mbele kuna watu wenye kiu. Akapanda mlima nazo, huku akitunga maneno ya kumwomba mama radhi.

Alipokata kona ya mwisho, alishtuka. Waendeshaji wote walikuwa wamesimama, miguu chini, hatua chache tu kabla ya utepe.

"Nani kaanguka?" aliuliza akitweta.

"Hajaanguka mtu, kaka," Bingwa alimjibu. "Tunakungoja wewe. Pita."

Mtungi akatikisa kichwa. Alisema ushindi wa kupewa si ushindi, na hakutaka kumdanganya mama yake mbele ya watu.

"Nani kakwambia unapewa?" Bingwa alisema. "Vikombe vyangu vyote nimevipata nikinywa maji yako. Na hawa wote, hakuna hata mmoja ambaye hujamnywesha. Leo tunalipa. Pita, mama yuko pale."

Kundi likajitenga kushoto na kulia. Mtungi akapita katikati, machozi na jasho vikichuruzika pamoja, na barabara nzima ikalipuka kwa vigelegele. Alipokata utepe, mama alimkumbatia kwa furaha asitake kumwachia. Kisha mikono yake ikagonga vitu vigumu mgongoni mwa mwanawe, akavipapasa na kucheka.

"Na haya maji unamwekea nani, mwanangu?" alimuuliza. "Wape wenzako, wana kiu."

Mtungi akageuka, akazitoa chupa moja baada ya nyingine na kuwagawia wote waliomngoja, huku umati ukiliimba jina lake. Hapo ndipo alipojua kwamba watu hawakuwa wakimhurumia hata siku moja, walikuwa wakimpenda. Hakika, wema hauozi.