Kiti cha Kushoto cha Gari la Mwalimu

Hii nimeipata kwa jirani, naye aliipata kwa mtu wa kwaya. Msinidai ushahidi. Isomeni, kisha mpelekeeni yeyote mwenye gari.

Katika mji mmoja wa milimani, wenye mvua zisizojua likizo, aliishi mwalimu aliyeitwa Anyosisye. Alipostaafu alinunua kigari kikuukuu cha rangi ya majivu, halafu akakivisha rimu mpya zinazong'aa. Kikawa kama mzee wa kanisa aliyeazima viatu vya bwana harusi.

Rimu hizo alizisugua kwa mswaki. Na alikuwa na amri moja: gari lisisogee karibu na ukingo wa barabara. Katika mji ule kingo za zege ziliinuliwa juu ili maji ya mvua yasiingie madukani, na zege likiikwaruza rimu, huacha kovu lisilofutika. Kwa hiyo Mwalimu aliegesha mbali, zaidi ya hatua moja ya mtu mzima.

"Mwalimu," dada wa ushuru wa maegesho alimwambia, "kwa mujibu wa kanuni, hapa hujaegesha. Umesimama tu barabarani."

"Na kwa mujibu wa zege, dada yangu, rimu zangu bado nzima."

Kila Jumamosi alimpeleka mkewe, Mama Tusekile, kwenye mazoezi ya kwaya. Safari hiyo aliipenda kuliko zote. Mama Tusekile aliimba sauti ya pili, na njia nzima alijaribisha nyimbo, Mwalimu akimharibia kwa besi.

Kisha mambo yakabadilika. Mama akaanza kusema, "Niteremshe pale chini penye tambarare, ninyooshe miguu." Baadaye akasema atakwenda kwa miguu na wenzake. Mwisho akawa anaondoka kabla Mwalimu hajamaliza chai.

Kiti kikabaki kitupu. Mwalimu akajiambia, "Amenichoka." Mtu aliyewahimiza watoto wa watu kuuliza maswali maisha yake yote alishindwa kuuliza moja nyumbani kwake. Badala yake akasugua rimu.

Ikafika siku leseni yake ikaisha muda. Ofisini akaambiwa mtandao uko chini, arudi baadaye kidogo, na "kidogo" ya ofisini kila mtu anaijua. Binti yake, Tusekile, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akashika usukani kumrudisha huko. Baba akakaa kushoto. Tangu alinunue gari lile, hakuwahi kukaa kiti kile.

Ofisi ya leseni inapakana na kanisa la kwaya ya Mama. Tusekile akaegesha mbali na ukingo, kama alivyofundishwa kwa kufokewa.

Mwalimu akafungua mlango, akatoa mguu. Chini maji ya mvua yalikuwa yanakimbia. Ukingo ulikuwa mbali mno kuufikia kwa hatua moja, na juu mno kuupanda ukiwa umesimama majini, bila cha kushika. Akajaribu. Akayumba, akaudaka mlango kwa mikono miwili, akarudi kitini na kiatu kimoja kimelowa.

Akamgeukia bintiye.

"Tuse, mama yako hushukaje hapa?"

"Hashuki, Baba. Goti lake linakubali kutembea, halikubali kupanda. Kuna Jumamosi alishukia hapa, akaanguka."

"Alianguka? Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa upande wa pili, unakagua rimu."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimsihi akuambie. Akasema, 'Mwache baba yako. Mlipokuwa mnasoma alivaa viatu vya mtumba miaka yote. Hizo rimu ndizo kitu kipya cha kwanza alichojinunulia.'"

Mwalimu akageukia dirishani. Tusekile akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mtandao ulipoamka na leseni ikatoka, Jumamosi iliyofuata Mwalimu alimuwahi mkewe mlangoni.

"Panda."

"Nitatembea, Baba Tusekile. Wenzangu wananisubiri."

"Panda, mama. Nimekosa wa kumharibia wimbo."

Akapanda. Walipofika kanisani Mwalimu alipunguza mwendo, akasogea ukingoni. Akasogea tena. Rimu ikakwaruza zege, krrrr, hata wanakwaya wakageuka.

Mama Tusekile akashika kichwa. "Rimu, jamani! Rimu!"

"Nimeisikia. Fungua mlango."

Akafungua. Ukingo ulikuwa pale pale mguuni, kama kizingiti cha nyumba yake. Akashuka, akasimama pakavu.

Dada wa ushuru akapita, akatazama, akagonga paa la gari. "Leo umeegesha, Mwalimu."

Mama Tusekile akainama taratibu, akaigusa ile rimu kwa kidole. "Pole," akasema.

Mpaka leo Mwalimu hajui kama pole ile ilikuwa ya rimu au yake. Ameichukua yote.

Funzo: Kabla hujajisifu kwamba umekitunza kitu chako, kaa kidogo kwenye kiti cha unayempenda, uone utunzaji huo unamgharimu nini.