Mkungu Ndani ya Buti

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana barabara ilikuwa hii hii na mvua ilikuwa hii hii, mama mmoja alishtuka usingizini usiku wa manane kwa sababu ya sauti. Haikuwa sauti ya mlango wala ya mbwa. Ilikuwa sauti ya kifua cha mtoto wake, hrrr, hrrr, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Akaweka sikio. Hrrr. Akamwita, "Lwitiko?" Mtoto akafungua macho, akayafunga. Nyie mnaolala na watoto mnajua alichofanya mama mpaka kulipokucha. Hakufanya kitu, alikaa tu akisikiliza kama pumzi nyingine itakuja.

Huyo mama aliitwa Subilaga. Mume wake alikuwa mbali, machimboni. Kulipopambazuka akamfunga Lwitiko mgongoni, ingawa mtoto alishafika umri wa kukimbiza kuku, akachukua mwavuli, akachukua mkungu wa ndizi, akasimama barabarani kungoja gari la kumfikisha hospitali ya mjini.

Mkungu wa nini na mtoto anaumwa? Huku kwetu kwenye ndizi hatuulizani. Mtu hapandi gari la mtu mikono mitupu. Akishushwa anaacha kitu, anasema ahsante, yameisha. Kusema "nilipanda bure" ni aibu, ni kama kusema nilikula kwa jirani nikaondoka bila kuaga.

Lililokuja lilikuwa Probox nyeupe ya Mama Tusekile, na usukani ameshika Ambwene, mtoto wa kaka yake. Ngojeni hapo. Kabla sijampandisha Subilaga lazima niwaambie habari ya hili gari, maana bila hiyo hamtanielewa, na mimi nikianza kuogopa nitaruka maneno.

Mama Tusekile alipolinunua alikwenda kwa Gwakisa, wakala wa bima, kijana mwenye meza yake pembeni ya stendi.

"Shikamoo mama. Nikukatie bima kubwa au bima ndogo?"

"Marahaba. Zina tofauti gani, mwanangu? Mimi nataka tu trafiki asinisimamishe."

"Ndogo ni ya lazima, bila hiyo gari halikanyagi barabara. Ukimgonga mtu, ukibomoa ukuta wa mtu, bima inamlipa huyo mtu. Lakini gari lako likipondeka, hilo ni shauri lako. Kubwa inalipa ya watu na gari lako pia, hata likiibwa, hata likiungua. Ila ni ghali."

"Nipe ndogo."

"Gari la kutembelea au la biashara? La biashara bima yake iko juu, maana linashinda barabarani na watu wengi ndani."

"La kutembelea. Nyumbani na dukani, dukani na kanisani."

Akafikiri kidogo, akauliza, "Na nikimpa mtu lifti?"

"Lifti haina shida, mama. Nauli ndiyo mbaya."

Basi Mama Tusekile akarudi akamwambia Ambwene, "Lifti sawa. Nauli marufuku. Nikisikia umepokea hata sarafu, funguo nachukua."

Na Ambwene hakupokea sarafu, jamani, hata siku moja. Alipokea ndizi. Alipokea viazi. Alipokea kuku. Kila jioni buti ya Probox ilijaa kama genge, na vilivyomo vikashushwa kwenye duka la Mama Tusekile vikauzwa, na Mama Tusekile hakuuliza vimetoka wapi, na Ambwene hakusema.

Sasa turudi barabarani.

"Mama Lwitiko! Asubuhi yote hii?"

"Kaka, mtoto anakoroma kifua, sijalala."

"Ingia, ingia. Na huo mkungu wangu weka nyuma."

"Haya, wako," akasema Subilaga, na kwa mara ya kwanza tangu usiku akacheka kidogo. Akaufungua mlango wa nyuma mwenyewe, akauweka mkungu ndani ya buti, akaingia, wakaondoka.

Kwenye kona ya mashamba ya chai ukungu ulikuwa umelala chini kabisa. Barabara ilikuwa tope. Gari likateleza taratibu, taratibu, mtu angeweza kuomba Mungu mpaka mwisho kabla halijalala ubavu ndani ya chai. Ambwene alipasua kioo kwa kiwiko akamtoa mtoto kwanza, akamtoa mama, akatoka yeye. Ndizi zilikuwa zimetapakaa kwenye chai yote.

Mama alikuwa na michubuko. Ambwene alikuwa na kiwiko kilichochanika. Lwitiko alikuwa amevunjika mfupa wa paja.

Hospitalini kifua kilipata dawa kikatulia. Lakini daktari alisema mguu unahitaji hospitali kubwa, uwekewe chuma, na usicheleweshwe, maana mfupa wa mtoto una haraka ya kuunga, na ukiunga vibaya atachechemea maisha yake yote. Subilaga hakuwa na namna. Hapo ndipo Ambwene alipompa moyo. "Dada, usilie. Gari lina bima."

Akaja Bwana Mdemu, mkaguzi kutoka kampuni ya bima, mtu mpole mwenye viatu vilivyojaa tope hadi kwenye kamba. Akawakusanya kwenye varanda ya wodi: Mama Tusekile mwenye gari, Ambwene dereva, Gwakisa wakala, na Subilaga, mtoto mapajani amelazwa na mguu wake kwenye kibao.

"Bima hii ni ndogo," akasema. "Inamlipa mtu wa tatu."

"Hapo tumepona," akasema Ambwene. "Tulikuwa watatu ndani, na wa tatu ni Lwitiko."

"Hapana, kaka. Wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni sisi tuliomkatia bima. Wa tatu ni mwingine yeyote aliyeumizwa na gari, hata wangekuwa kumi. Mtoto ni mtu wa tatu. Tunamlipia. Ninachotaka ni neno moja tu. Huyu mama alipanda kwa lifti?"

"Lifti," akasema Mama Tusekile.

"Lifti," akasema Ambwene.

"Lifti tupu," akasema Gwakisa.

Bwana Mdemu akamgeukia Subilaga, akauliza kwa upole, naye hakujua anauliza nini mbele ya watu wa huku. "Kwa hiyo mama, ulipanda bure?"

Na Subilaga, ambaye alikuwa hajala wala kulala, akasikia amechukuliwa kama ombaomba. Akainua kichwa. "Mimi? Bure? Mimi sipandi gari la mtu bure, baba. Nilitoa mkungu."

Mama Tusekile akafumba macho. Gwakisa akaanza kutazama viatu vyake.

"Mkungu," akasema Bwana Mdemu.

"Mkungu mzuri," akasema Subilaga, bado hajaelewa.

Bwana Mdemu akamweleza. Kama gari la kutembelea linabeba watu kwa malipo, basi linafanya biashara ambayo halikukatiwa bima, na kampuni hailipi. Malipo si lazima yawe pesa. Mkungu ukiwa ni nauli, mtoto halipiwi. Mkungu ukiwa ni shukrani, mtoto analipiwa. Subilaga akamkumbatia Lwitiko akatetemeka mpaka mtoto akamwambia, "Mama, unanitikisa."

Bwana Mdemu naye alikuwa na watoto. Akafunika kalamu yake. "Sijaandika bado. Shukrani huku kwenu hutolewa lini?"

"Ukishafika," wakasema wote pamoja.

"Na mama hakufika. Basi niambieni, gari lilipolala kwenye chai, ule mkungu ulikuwa wa nani? Kama ulikuwa bado wa mama, hakuwa amelipa kitu. Kama ulishakuwa wa dereva, alikuwa amelipa. Kila mmoja aseme la kwake."

Ambwene akasema, "Ulikuwa wake. Mimi nilisema 'wangu' kwa utani. Kila mwenye ndizi namwambia hizo zangu, nimemwambia hata mchungaji. Aliuweka yeye, mimi sikuugusa. Na mjue mimi ndiye niliyemtoa mtoto, kiwiko hiki hapa. Mtu anayedai nauli anafanya hivyo?"

"Ulishawahi kumbeba mtu asiye na kitu?" akauliza Bwana Mdemu.

Ambwene akajibu, "Huku kwetu hakuna mtu asiye na kitu."

Mama Tusekile akasema, "Ulikuwa wake. Mimi nilikataza nauli kwa mdomo wangu, na aliyekatazwa yuko hapa. Kama mnasema nililipa bima ya chini makusudi, sawa, nani hapendi cha chini? Lakini sikumtuma mtu ndizi. Na bima yenyewe gari langu haiwezi kulilipa, liko kwa fundi linaninyonya. Mkisema ni nauli, mguu wa mtoto utanigeukia mimi, na mimi sina kingine cha kuuza ila duka."

"Duka la ndizi," akasema Gwakisa.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja."

Zamu yake ikaja. Gwakisa akasema, "Ulikuwa wake. Nami sina kosa. Niliuliza, la kutembelea au la biashara? Nikajibiwa la kutembelea. Sikuuliza habari za ndizi. Nani duniani anauliza habari za ndizi?"

"Wewe ulishawahi kupanda hilo gari?" akauliza Bwana Mdemu.

"Mara moja moja."

"Ukaacha nini?"

Gwakisa akakohoa. "Maparachichi."

Ambwene akacheka mpaka kiwiko kikamuuma, na hata nesi aliyekuwa anapita akacheka, na Subilaga tu ndiye hakucheka.

"Haya mama," akasema Bwana Mdemu. "Watatu wamesema ulikuwa wako. Umebaki wewe."

Subilaga akawatazama mmoja mmoja. Mama Tusekile alikuwa amekunja kanga mikononi. Ambwene alikuwa anamtikisia kichwa polepole, sema, dada, sema.

"Niliuweka kwa mkono wangu," akasema. "Nikasema 'haya, wako.' Nilicheka, ndiyo, lakini sikuwa natania. Kwa moyo wangu ulikuwa umeshatoka. Ungekuwa bado wangu, si ningeukumbuka gari lilipolala? Sikuukumbuka. Nilijua umeshakwenda kwa mwenyewe." Akamtazama Lwitiko. "Lakini pia ni kweli sikufika. Ni kweli ahsante sikuisema. Gari lingeharibika njiani tu, pale kwa mzee wa maziwa, tukashuka kusubiri jingine, ningeubeba mkungu wangu nikaondoka nao, na yeye asingenikataza."

"Nisingekukataza," akasema Ambwene haraka.

"Kwa hiyo ulikuwa wa nani?"

"Ngoja nimalize, baba. Nikisema ulikuwa wangu, mwanangu anatembea. Namshukuru Mungu, natoka hapa. Lakini hili gari litatoka kwa fundi na bima ile ile, na kesho kutwa ataingia mama mwingine na mkungu wake, na wote watamwambia usiogope, lina bima. Nami nitakuwa najua. Nikisema ulikuwa wake, nimesema kilichokuwa moyoni mwangu, na gari litakatiwa bima inayolifaa, na wa kesho watapona. Halafu mwanangu atanikimbilia kwa mguu gani?"

"Shangazi atakata ya biashara," akasema Ambwene. "Si utakata, shangazi?"

Mama Tusekile akasema, "Mungu akijalia."

"Umesikia hilo 'akijalia'?" Subilaga akamwambia mkaguzi.

"Nimelisikia," akasema Bwana Mdemu. Akafunua kalamu. "Mama, mimi naandika nitakachoambiwa na wewe, na sitauliza tena. Nesi anasema gari la wagonjwa la kwenda hospitali kubwa linaondoka mchana, na wanataka kujua kama wampakie mtoto au wasimpakie."

Lwitiko akavuta shati la mama yake. "Tunakwenda wapi?"

Subilaga akafungua mdomo.

Na mimi hapo nasimama, msinivute mkono, siendelei. Nimewapa mwenye gari aliyekataza nauli na kuuza ndizi. Nimewapa dereva ambaye hakushika sarafu na hakuacha mkungu upite. Nimewapa wakala aliyeuliza sawasawa na kupanda na maparachichi yake. Nimewapa mama aliyesema "wako" na hajasema "ahsante." Wote mmewasikia, hakuna aliyewadanganya.

Je, gari lilipolala kwenye chai, ule mkungu ulikuwa wa nani? Na mama aliyefungua mdomo mbele ya mtoto wake, alistahili kusema lipi?

Usinijibu kwa sauti, mwenzangu, wenye magari wako wengi hapa. Sogea uniambie sikioni, wewe peke yako, kama mama kwa mama. Utakalosema nitabaki nalo mimi. Sitamwambia mtu mwingine.