Kidari cha Mbuzi wa Ndesario

Hapo zamani, wala si zamani hiyo mnayoifikiria, maana madaktari walishajua kutoa mtoto wa jicho na kuweka lenzi, walikuwako wajane watatu wa mume mmoja. Waliishi mlimani, kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la migomba la urithi. Macho yao yalipofifia wakaenda hospitali pamoja. Daktari akamuuliza kila mmoja anataka lenzi gani.

Aikande akasema, "Ya mbali. Kusoma nitavaa miwani."

Ndeshi akasema, "Ya karibu. Mimi nasuka vikapu, huko mbali nina shughuli gani?"

Elinsia akasema, "Mimi ile ya mbali na karibu. Sitaki kubeba miwani wala kumwomba mtu."

Daktari akamwonya: taa ataziona zina maduara, na kusoma kutataka mwanga mwingi.

"Maduara niachie mwenyewe," akajibu.

Sasa, shemeji yao Ndesario, mkubwa wa ukoo, alikuwa anakimezea mate kihamba kile. Naye akawa anamcheka Elinsia. "Huyu wa maduara haoni kitu."

Siku moja Aikande, akiwa kilimani, akamwona Ndesario kule chini anang'oa masale, mimea ya mpaka, na kuipanda ndani ya migomba yao. Akashuka mbio akawaambia wenzake, wakaita wazee.

Ndesario akaja na karatasi, eti marehemu alimwachia nusu, na alama ya dole gumba lake hii hapa. Aikande akatafuta miwani asome. Haionekani. Ndesario alikuwa ameikalia, mshenzi yule.

Ndeshi hajui kusoma, lakini akaisogeza karatasi puani. "Mume wetu alikatwa dole gumba na mundu. Kidonda nilikifunga mimi. Hili dole halina kovu."

Wazee wakasitasita. Elinsia akainyakua karatasi, akatoka nayo juani, akasoma mpaka tarehe. "Shemeji, hii imeandikwa miezi miwili baada ya sisi kumzika."

Ndesario akatozwa mbuzi. Na kwa ukoo ule, kidari, yaani nyama ya kifua, hula mkubwa, na anayekila ndiye mwenye kauli ya kwanza juu ya kihamba. Basi akanyoosha mkono, bila haya.

"Rudisha mkono," wakasema wajane wote.

Wazee wakanong'ona kwamba mwanamke hajawahi kula kidari.

"Leo atakula," akasema Aikande. "Na ni mimi. Nisingeona, mngekuja kufanya nini hapa?"

"Wewe uliona mtu analima," akasema Ndeshi. "Mimi nilimuumbua kwa dole."

"Na wazee wakabaki wanatazamana," akasema Elinsia, "mpaka huyu aliyeitwa wa maduara aliposoma."

Kisu kimeshashikwa, mbuzi ameshaiva. Msiniambie wagawane, kauli ya kwanza haikatwi vipande. Wala msiniambie arudishiwe mwanamume, nitawafukuza hapa. Je, kidari apewe nani?