Ng'ombe wa Naelijwa

Ukimwachia Mungu kesi, usimchagulie fimbo. Mmenisikia nikimwambia mama mmoja hivyo pale mlangoni pa kanisa, mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Yalianzia huku huku milimani Upare, kwa mjane aliyeitwa Naelijwa.

Naelijwa alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na binti mmoja, Nanzia, aliyekuwa mkono wake wa kulia. Asubuhi moja ng'ombe alikutwa amekufa kando ya shamba la maharage, mshipa wa mguu umekatwa, damu yote imemwagika. Aliyemkata hakujulikana. Lakini juma lile lile Naelijwa alikuwa amegombana na jirani yake, Mzee Kiangi, kuhusu mpaka, basi kijiji kizima kikamtazama Kiangi.

Enzi hizo, mtu aliyedhulumiwa na asimjue mbaya wake alikuwa na njia yake: kuvunja chungu. Chungu kilipigwa chini mbele ya watu, laana ikasemwa, na iliaminika kwamba mwenye kosa atakwisha, yeye na ukoo wake. Ndugu wa marehemu mumewe walimletea Naelijwa chungu mpaka mlangoni. Akakikataa.

"Mimi nimebatizwa," akasema. "Kisasi ni cha Bwana. Kesi hii nimemwachia Mungu."

Watu walimsifu, na mchungaji akamtaja kwenye mahubiri. Naye Naelijwa, tuseme kweli, sifa zile zilimkaa vizuri. Ila moyo ulikuwa unamuuma, maana maziwa yale ndiyo yaliyoleta chumvi na sabuni nyumbani. Basi jioni, wakimaliza kula makande, alipokuwa akisali na binti yake, akaanza kumkumbusha Mungu. Mwanzoni alisema tu, "Bwana, usisahau." Baadaye akazitafuta zile zaburi kali, zile za kuwaombea adui meno yavunjike. Mwisho akatunga za kwake.

"Bwana, mkono uliomkata ng'ombe wangu uvimbe. Uoze. Usishike tena jembe wala mtoto."

Na aliyasema hayo kwa sauti, dirisha la upande wa kwa Kiangi likiwa wazi. Chungu alikikataa, lakini kazi ya chungu aliifanya kila jioni. Nanzia aliitikia "Amina," na kila siku sauti yake ilizidi kudidimia.

Ulipofika wakati wa kupalilia, Nanzia akashikwa na mdudu wa kidole. Ni ugonjwa wa kawaida kwa wakulima, lakini yeye aliuficha mkono ndani ya kanga. Mama yake alipokuja kuuona, ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko na mwili unawaka homa. Naelijwa akakimbilia maji ya moto na chumvi. Binti akaurudisha mkono nyuma.

"Usiutibu, mama."

"Una wazimu wewe? Unataka kufa?"

"Mkono uliomkata ng'ombe ndio huu." Nanzia akaangua kilio. "Ng'ombe aliingia kwenye maharage. Nikamrushia mundu nimtishe tu, mama, sikutaka kumkata. Nikaogopa kukwambia. Sasa Mungu amekusikia. Ukiutibu utakuwa unashindana naye."

Naelijwa akakaa chini pale pale jikoni. Kila neno alilolisema dirishani likamrudia. Alitaka kuyafuta maneno yale, asijue aanzie wapi. Chungu kikivunjwa, wapo wazee wa kukitengua, na wanajua ni mnyama gani achinjwe. Zaburi inatenguliwaje?

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde. Akaliendea dirisha lile lile akapiga yowe, na aliyekuja mbio alikuwa Kiangi, na wanawe wawili. Wakafunga machela, wakambeba Nanzia. Njiani Naelijwa akasema huku analia, "Mzee Kiangi, ni binti yangu aliyemkata ng'ombe. Na zile sala zangu..."

"Nilizisikia zote. Dirisha lilikuwa wazi."

"Nisamehe, baba."

Kiangi akaihamishia machela bega la pili. "Mke wangu aliacha kwenda kisimani kwa ajili ya macho ya watu," akasema. "Nikamlaumu Mungu kwa nini hanitetei. Lakini Mama Nanzia, kama Mungu angekusikiliza jioni ile ya kwanza ulipoulaani huo mkono, leo tungekuwa tumembeba nani, na tunampeleka wapi?"

Naelijwa akashika upande mmoja wa machela, wakaendelea.

Mganga wa zahanati alipasua kidole, usaha ukatoka, mkono ukapona. Kidole kilibaki kimepinda. Jumapili Naelijwa alisimama kanisani, pale pale aliposifiwa, akamsafisha Kiangi mbele ya watu wote. Halafu akasema, "Nilimwachia Mungu kesi, kisha nikamchagulia fimbo. Sikujua mgongo ni wa nani."

Tangu siku hiyo, jioni akifika kwenye mambo ya watu waliomkosea, alisema tu, "Bwana, wewe unajua," akanyamaza. Nanzia naye alizaa, akapata wajukuu, na kila aliposikia mtu anamwombea mwenzake mabaya alikiinua kidole chake kilichopinda, akamwambia: ukimwachia Mungu kesi, usimchagulie fimbo.