Shahidi wa Joto la Darini

Hapo zamani, katika zama ambazo wakubwa waliamini kwamba jua huwaka kwa amri, palikuwa na mji ukiitwa Kipwani, na mtawala wake akiitwa Sultani Shekuwe. Mwaka mmoja upepo ukagoma, joto likakaza hata kuku wakawa wanatembea midomo wazi. Ikawa huo ndio mwaka Sultani aliochagua kujenga jumba jipya, na jumba likafika kwenye dari, lile paa bapa la juu.

Basi dari ya chokaa siku zile ilipigwa. Wanawake arubaini walipanga safu juu, kila mmoja na kigongo chake cha mti, wakaitwanga chokaa mbichi kwa kufuata wimbo na zumari, siku tatu, mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Desturi ilikuwa kupiga asubuhi na alasiri. Adhuhuri chokaa ilifunikwa majamvi yaliyolowa, na wapigaji wakakaa kivulini. Lakini Sultani alikuwa na mgeni njiani, akaifuta adhuhuri.

Siku ya pili, jua la utosi, Mwanashani, mmoja wa wapigaji, akaanguka. Jasho limemkauka, ngozi yachoma, naye akiweweseka na kumwita mama yake aliyekwisha kufa. Wenzake wakamshusha, wakamlaza ukumbini, wakamfunika kanga za maji na kumpepea. Mdogo wake, Bi Mize, kiongozi wa nyimbo, mwanamke asiye na kitu ila ulimi wake, akatua kigongo na kwenda barazani.

Alimkuta Sultani ameketi chini ya pepeo kubwa livutwalo kwa kamba, bilauri ya sharubati mkononi, na waziri Mselemu ubavuni.

"Shikamoo, mwinyi mkuu. Dada yangu ameanguka kwa joto. Twaomba turudishiwe adhuhuri yetu."

Sultani akamgeukia waziri. "Kuna joto?"

Waziri, ambaye kanzu ilikuwa imemganda mgongoni, akajibu, "Mimi sijaliona, seyyidi."

"Wasikia, mwanamke? Huo ni uvivu. Ama niletee shahidi: mtu wa heshima, asiyeweza kuitwa mwongo, aliseme hilo joto akiwa palepale darini, adhuhuri. Asipopatikana kesho, mtapiga mchana kutwa, na mitungi ya maji nitaiondoa, maana ndiyo iwatiayo uvivu."

Bi Mize akazunguka mji. Kadhi akakumbuka kwamba goti lake halipandi ngazi. Tajiri wa karafuu akapatwa na mafua hapohapo mlangoni. Akarudi kwa dada yake, akambadilishia kanga, akamnywesha maji kidogo kidogo. Akilini mwake alijua: bila mitungi, kesho yupo atakayeshushwa maiti.

Kesho yake, karibu na adhuhuri, akarudi barazani.

"Shahidi wako yuko wapi?" Sultani akauliza.

"Nitakutana naye darini, mwinyi mkuu. Nimekuja kwa jambo jingine. Leo dari inakamilika, na mwenye nyumba hupanda akapiga kigongo cha heshima, wala hashuki mpaka aimbiwe nasaba yake yote. Nimekwisha tunga wimbo."

"Beti ngapi?"

"Kwa nasaba kama yako, bwana wangu, zitakuwa chache?"

Sultani akafurahi mno, akavaa joho la sufu na kilemba kizito, akapanda. Waziri alibaki chini kuilinda sharubati.

Wapigaji walikuwa wamelowesha mitandio, nao wakapokezana, nusu wakipiga, nusu kivulini ngazini. Sultani hakuwa na wa kupokezana naye. Bi Mize akamwimba yeye, akamwimba baba yake, akamwimba babu yake, ambaye mji mzima ulimjua kuwa muuza ng'onda, samaki wa kukaushwa, akamfanya mshindi wa vita saba. Sultani akatikisa kichwa kwa fahari. Kufika babu wa tano, kichwa kikawa chatikisika chenyewe.

"Wamebaki wangapi?" akanong'ona.

"Kumi na wawili, seyyidi. Nimruke huyu aliyejenga msikiti?"

"Mruke."

"Na huyu aliyewashinda majini?"

"Waruke wote! Nakufa kwa joto!"

Vigongo vikanyamaza kwa pamoja.

"Jamani," Bi Mize akasema, "mtu wa heshima amesema, tena yuko darini. Yupo awezaye kumwita mwongo?"

Hakupatikana. Basi akamvua joho, akamfunika shingoni mtandio wake uliolowa, wakamshusha ukumbini wakamlaza kandokando ya Mwanashani. Sultani alipopata fahamu sawasawa akatazama kushoto, akamwona mwenzake, akacheka kicheko cha mtu asiye na nguvu za kukasirika.

Asubuhi iliyofuata mpiga mbiu akapita: "Tangu leo, saa tano hadi saa tisa, mtu asifanye kazi juani! Maji na kivuli kwa kila mpigaji! Kwa maana Sultani wetu mtukufu, kwa hekima yake, amevumbua joto!"

Mwanashani alikuwa ameketi akinywa uji. Akaweka bakuli chini.

"Kalivumbua yeye? Na mimi niliyeanguka kabla yake?"

"Mwachie, dada," Bi Mize akasema, "akitaka na jua avumbue. Wewe sogea huku, kivuli kinahama."