Mtini wa Vibia na Sanamu ya Liwali

Zamani za Warumi, liwali mmoja aitwaye Kaspero alisimamisha sanamu yake sokoni, karibu na mtini wa mjane Vibia. Chini ya mti huo wapagazi walitua mizigo, na akina mama walinyonyesha watoto wao kivulini.

"Mti wako unanificha," liwali alimwambia Vibia. "Kesho asubuhi utakatwa."

"Ni haki yako, bwana mkubwa. Nawahurumia tu njiwa wanaokaa humo. Watahitaji pa kuhamia."

"Watajijua wenyewe."

"Ndivyo nilivyowaambia, bwana."

Liwali akacheka, akaenda zake.

Asubuhi alirudi na mkata miti. Kwenye mtini hapakuwa na njiwa hata mmoja. Wote walikuwa wamejazana juu ya sanamu, na mavi yao yalikuwa yameshatiririka kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni.

"Nini hiki?" liwali akauliza.

"Wamesikia amri yako, bwana. Wamehama mapema."

"Warudishe mtini."

"Watarudi, bwana, mtini ukiwapo."

Liwali aliitazama pua ya sanamu yake kwa muda. "Mti usiguswe," akamwambia mkata miti. "Na wewe baki hapa uisafishe sanamu."

Liwali alipoondoka, mkata miti alipanda juu ya sanamu na kitambaa. Ndani ya sikio la jiwe alikuta punje za ngano zilizogandishwa kwa asali. Akamgeukia Vibia.

"Mama, kumbe njiwa nao huhama na chakula chao?"

Vibia alikuwa akimchagulia tini lililoiva vizuri. "Futa na sikio, mwanangu," akasema, "halafu uje ukae kivulini."