Neno Ambalo Vernon Alilingoja Redioni

Ndugu zangu, leo tusafiri kidogo. Twende Marekani, na nauli msiwe na wasiwasi nayo. Mtu nitakayewasimulia habari zake msimtafute kwenye simu zenu, hamtampata, kwa sababu nimemtunga mimi. Ila mkimsikiliza vizuri mtajua mmeshakutana naye.

Tumwite Vernon. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, Mmarekani mweusi, mrefu, mpole, mwana wa mama aliyefua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda. Siku ya mechi mama huyo hakuthubutu kutazama, moyo wake haukuhimili. Alikaa jikoni kwake na redio, sufuria mekoni, mkono kifuani.

Vernon alicheza kwa macho. Kabla ya mechi aliketi peke yake kutazama video za wapinzani, akarudia na kurudia, mpaka akajua kwamba fulani akitaka kutoa pasi kulia, kwanza huinamisha bega la kushoto. Kwa hiyo mpira ukitoka mkononi mwa fulani huyo, Vernon keshafika. Anaunyaka, anatimua mbio, anafunga. Uwanja mzima unasimama, na mtangazaji wa redio anapaza sauti: "Mtazameni mnyama huyo! Miguu ile haifundishwi, kazaliwa nayo!"

Punde si punde Vernon anamnong'oneza mwenzake, Mzungu mmoja aitwaye Clayton: "Simama pale kwenye kona, mpira unakuja." Clayton anasimama. Mpira unakuja. Anafunga. Na mtangazaji: "Kichwa kile, jamani! Clayton anafikiri kabla wenzake hawajaanza kufikiri!"

Naona mnacheka. Vernon naye alicheka, mwaka wa kwanza.

Clayton hakuwa mtu mbaya. Siku moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimwambia, "Usiyatie moyoni, Vernon. Watu hawa wanakupenda mno."

"Wananipenda," Vernon akajibu, akifungua kamba za viatu. "Hata farasi anayeshinda mbio anapendwa. Lakini nani amewahi kumuuliza farasi anawaza nini?"

Unadhani alitamani nini mtu huyu? Sifa? Zilikuwa zimemjaa mpaka pomoni. Alitamani yule mtangazaji aseme, hata mara moja, hata kwa kuteleza ulimi: "Vernon amefikiri." Basi. Na alitamani mama yake alisikie pale jikoni, kwa kuwa mama ndiye aliyemfundisha kutazama. Utotoni, wakingoja basi, alikuwa akimuuliza, "Yule bibi mwenye mwavuli anakwenda wapi? Umejuaje?"

Kila baada ya mechi alimpigia simu. Mama aliuliza, "Umekula, mwanangu?" Naye akajibu amekula. Halafu wakaagana. Mama alikuwa amelisikia lile neno "mnyama". Vernon alijua amelisikia. Hakuna aliyelisema.

Akastaafu, na neno alilolitamani halikuja.

Basi akagombea umeya wa mji ule ule uliompigia makofi. Alijiandaa kama alivyojiandaa kwa mechi. Alizunguka mitaa ambayo mabomba ya maji yalikuwa yameoza, akaonja maji yenyewe, akakaa na mafundi, akaja na mpango. Siku ya mdahalo mpinzani wake, Mzungu mwenye kiwanda cha milango, aligonga meza kwa ngumi na kufoka. Vernon alipandisha sauti mara moja tu, aliposimulia juu ya mtoto aliyeugua kwa maji yale. Kesho yake watu walisema nini? Yule wa milango ana msimamo. Vernon ana hasira.

Akaanza kujifunza kutabasamu mbele ya kioo. Akaishusha sauti mpaka wafuasi wake mwenyewe wakamwambia, "Ongea, hatukusikii!" Siku moja sokoni alikutana na mzee mmoja Mzungu aliyevaa jezi yenye jina VERNON mgongoni. Mzee akamkumbatia, machozi yakimlenga.

"Umenipa furaha maishani mwangu wewe!"

"Ahsante, mzee. Basi nitegemee kura yako?"

Mzee akaangalia viatu vyake. "Hapo... sijui. Kwa umeya, niseme kweli, unanitia hofu kidogo."

"Nilikutia hofu lini, mzee wangu?"

Yule mzee alifikiri. Alifikiri kwa dhati, maskini, huku amesimama na vitunguu vyake. Mwishowe akasema, "Sikumbuki."

Vernon akashindwa uchaguzi. Walimpigia kura wengi, weusi kwa weupe, lakini hawakutosha.

Mambo yalipotulia, kituo cha redio kikamwita. Yule mtangazaji wa zamani alikuwa amestaafu, wakataka Vernon akalie kiti chake. Fikirini, ndugu zangu! Miaka yote ametamani neno litoke kwenye kipaza sauti kile, sasa kipaza sauti ni chake. Akampigia mama: "Washa redio Jumamosi." Mama akawasha. Sauti ya mwanawe ikaingia jikoni, tamu, ina raha, na yule mama akalia peke yake kwa furaha.

Mechi ikakolea. Kijana mmoja mweusi, mgeni kwenye timu, akachomoka ghafla, akaunyaka mpira hewani na kwenda kufunga. Uwanja ukasimama. Na Vernon, damu imemchemka, akapaza sauti: "Mtazameni mnyama huyo! Miguu ile kazaliwa nayo!"

Wala hakusikia alichosema. Aliendelea kutangaza mpaka mwisho, akavua vifaa vya masikioni, akapiga simu nyumbani akiwa na bashasha ya mtoto aliyeleta ripoti nzuri.

"Mama, nimetangazaje?"

Mama akaizima redio kwanza.

"Mama?"

"Ulitangaza vizuri," mama akasema. Kisha polepole: "Yule kijana uliyemwita mnyama, mwanangu, ana mama. Sijui jiko lake liko mji gani. Lakini redio yake ilikuwa inasikika."

Vernon akakaa chini. Hakujua ni wakati gani lilimwingia. Alikuwa amelisikia neno lile miaka mingi mno, akilichukia, na kumbe huku analichukia lilikuwa linajitafutia mahali pa kulala ndani yake.

Hakungoja mechi nyingine. Alikwenda kumtafuta yule kijana mazoezini, akamwomba msamaha, na kijana, kwa aibu ya ujana, akasema si kitu, amezoea. Amezoea! Neno hilo lilimchoma Vernon kuliko kura alizonyimwa. Akavuta kiti.

"Niambie," akasema, "kabla hujachomoka pale, uliona nini?"

Kijana akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya nyumbani kwao akiwa ugenini. Kisha akaanza kueleza, mwanzo kwa kusitasita, baadaye kwa mikono miwili, akipanga chupa za maji sakafuni kuonyesha nani alikuwa wapi. Na Jumamosi iliyofuata Vernon alitangaza mechi kwa namna tofauti. Alisema kijana yule amefikiri nini, na kwa nini. Neno alilolitamani maisha yake yote alilisikia siku hiyo, likitoka kinywani mwake, likienda kwa mtoto wa mtu mwingine.

Sasa sisi. Naona tunatikisa vichwa, tunawasikitikia Wamarekani. Polepole. Hapa kwetu mtu akitaja jina lake la pili, si tumeshajua kura yake? Mwanariadha wetu akirudi na medali, hatusemi "wale wa kule wamezaliwa na mapafu ya mbio"? Nani alikuwepo kwenye baridi ya alfajiri alipokuwa akipanga mbio zake? Yule dada mwenye asili ya Kisomali, aliyezaliwa hospitali ile ile uliyozaliwa wewe, tunamuuliza alikuja lini. Tunasema hayo huku tunacheka, tena kwa upendo! Na wengine wetu tumesemwa hivyo hivyo, tukaumia, kisha tukatoka nje tukamsema mwingine.

Mungu alipomtuma nabii kwenye nyumba ya Yese kumtafuta mfalme, alimwambia mwanadamu hutazama sura, bali Bwana hutazama moyo. Hakusema moyo utajionyesha wenyewe. Lazima mtu aukaribie.

Mnajua desturi yangu. Hapa ndipo huwa nawaambia, "Mgeukie jirani yako umwambie." Leo usimwambie kitu. Huenda amekaa benchi hilo la kanisa miaka, kando yako, akingoja. Mgeukie umuulize anawaza nini. Halafu unyamaze, akujibu.